MALI BILA DAFTARI: HAKI ZA MWANACHAMA MBELE YA HALMASHAURI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaifundisha kila mwaka darasani. Twaitolea mifano ya mwenye duka na ya mfugaji, kisha twaitungia maswali ya mtihani. Lakini ingia katika mikutano ya vyama vyetu sisi walimu wenyewe, uone jinsi methali hiyo inavyosahauliwa mara tu mweka hazina asimamapo na kusema kwamba hesabu bado zinashughulikiwa. Ukumbi mzima hunyamaza. Atakayeuliza huonekana mfitini. Mwenyekiti humshukuru mweka hazina kwa kazi yake nzuri, watu hupiga makofi, chai huletwa, na mwaka mwingine huanza.

Dai letu katika makala haya ni moja. Halmashauri ya chama kisichotafuta faida imeshika amana ya wanachama, na sheria imewapa wanachama hao njia zilizo wazi za kuidai amana yao. Njia hizo hazikubuniwa na wafitini. Zimeandikwa, zina umri mrefu, na watu wengine wamezitumia wakashinda. Zinatufia mikononi kwa sababu hatuzisomi, na hata tunapozisoma twaona haya kuzitumia.

Wako wanaotujibu hivi: "Chama si duka. Hakigawi faida. Viongozi hawalipwi mshahara. Basi kuna nini cha kuhojiwa?" Jibu hili lapendeza masikioni, na ndiyo maana limedumu. Hebu tulipime kwa kutazama chama ni kitu gani.

Hapa Uganda vyama vingi vya aina yetu, vinapotaka kutambuliwa na sheria, huandikishwa kuwa kampuni za dhamana zisizo na hisa. Maana yake ni kwamba hakuna anayenunua sehemu ya chama. Kila mwanachama huahidi tu kiasi fulani cha fedha, aghalabu kidogo sana, atakachotoa iwapo chama kitavunjwa kingali na deni. Kikisha kuandikishwa, chama hupata nafsi yake: chaweza kumiliki kiwanja, kufungua akaunti benki, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Lakini nafsi hiyo haina mkono wa kutia saini wala mdomo wa kusema. Saini ni ya wajumbe wa halmashauri, na kauli ni yao.

Sasa linganisha watu wawili. Mwenye hisa katika kampuni ya biashara, akichoshwa na wakurugenzi, aweza kuuza hisa zake akaondoka na chochote. Mwanachama wa chama chetu hana cha kuuza. Ada alizolipa kwa miaka 10, vitabu alivyochangia maktaba, siku za likizo alizozitoa ili kusahihisha insha za mashindano, vyote hivyo havihamishiki. Akiondoka, aondoka mikono mitupu. Na halmashauri iliyomkera ndiyo ibakiayo na kiwanja, akaunti na jina. Kwa hiyo wale wasemao kwamba pasipo faida hapana haja ya kuhoji wameligeuza jambo juu chini. Madhali mwanachama hana mlango wa kutokea na mali yake, kinga yake yote imo katika kuuliza na kupiga kura akiwa ndani.

Sheria inasema nini? Sheria ya Kampuni ya mwaka 2012 ilifuata kwa mengi nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1948, iliyoigwa hapa tangu enzi za ukoloni. Tutaje mambo manne ambayo kila mwanachama wa chama cha aina hii yampasa ayajue kama ajuavyo ngeli za majina.

La kwanza ni mkutano mkuu. Lazima ufanyike kila mwaka, wala isipite miezi 15 baina ya mkutano mmoja na unaofuata. Halmashauri ikikaidi, mwanachama yeyote, naam hata mmoja peke yake, aweza kumwomba Msajili wa Kampuni auitishe au aamuru uitishwe. Haya maneno "hatukupata nafasi mwaka huu" hayana mahali katika sheria.

La pili ni madaftari. Kumbukumbu za mikutano mikuu na daftari la majina ya wanachama huwekwa wazi kwa mwanachama katika ofisi iliyoandikishwa, aje azisome bila malipo. Hesabu za mwaka, pamoja na taarifa ya mkaguzi, hazina budi kuletwa mbele ya mkutano mkuu. Hapa tusidanganyane: sheria za mkondo huu hazimpi kila mwanachama ruhusa ya kufunua stakabadhi moja moja na vitabu vya fedha vya kila siku. Ruhusa hiyo hutoka katika kanuni za chama, au hutolewa na halmashauri, au hutolewa na wanachama wenyewe wakiamua katika mkutano mkuu. Huko California, Marekani, sheria imekwenda mbele zaidi: mwanachama akiandika barua ya kudai, na sababu yake ikihusiana na haki zake za uanachama, aweza kuvikagua vitabu vya hesabu na kumbukumbu za mikutano. Sisi tukitaka haki kama hiyo hatuhitaji kungoja Bunge. Twaweza kuiandika katika kanuni zetu.

La tatu ni uwezo wa kuitisha mkutano usio wa kawaida. Wanachama walio na angalau sehemu moja ya kumi ya kura zote wakitia saini hati ya kudai mkutano, wakaeleza shabaha yake na kuipeleka hati hiyo katika ofisi ya chama, halmashauri yapaswa kuuitisha. Chama chenye wanachama 240, kila mmoja akiwa na kura yake moja, chahitaji saini 24 tu. Zikipita siku 21 pasipo halmashauri kuchukua hatua, wenye kudai waweza kuuitisha wao wenyewe. Na gharama zao zilizo za haki hulipwa na chama, nacho huzikata katika malipo ya wajumbe waliokaidi. Utaona kwamba watunga sheria walimfahamu vizuri kiongozi mkaidi: walimwekea mzigo pale panapomwuma.

La nne ni kuondoa. Mjumbe wa halmashauri aweza kuondolewa na wanachama kwa wingi wa kawaida wa kura kabla ya muda wake kwisha, hata kama kanuni za chama zasema vinginevyo. Lakini taarifa maalumu ya siku 28 hutangulia, na mtuhumiwa ana haki ya kujieleza kwa maandishi na kusikilizwa mkutanoni. Twalitaja sharti hili kwa makusudi. Haki ya kuhoji haikutolewa ili watu wafedheheshwe. Hata anayeng'olewa hung'olewa kwa utaratibu.

Pengine msomaji atauliza: na mahakama je? Ukweli ni kwamba mahakama hazipendi kuingia katika ugomvi wa ndani wa vyama. Tangu kesi ya Foss na Harbottle, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1843, kanuni imekuwa kwamba chama kikidhulumiwa, wa kushtaki ni chama chenyewe, wala si kila mwanachama mwenye kinyongo. Viongozi wengi wameitumia kanuni hiyo kama ngao. Lakini ngao hiyo ina matundu, na moja lilitobolewa na watu wa kawaida kabisa. Mwaka 1943 mkutano wa wajumbe wa chama cha wafanyakazi waundao magari nchini Uingereza ulipandisha ada za wanachama. Kanuni za chama zilisema ada zisibadilishwe mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali kwa kura, na kura haikupigwa. Wanachama wawili wakaenda mahakamani. Mwaka 1950 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba viongozi hawawezi kulifanya kwa wingi mdogo jambo ambalo kanuni zimetaka lifanywe kwa wingi mkubwa, na tena kwamba mwanachama aliyeguswa katika haki yake binafsi aweza kushtaki kwa nafsi yake. Kesi hiyo ya Edwards na Halliwell husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria za kampuni. Ilianzishwa na watu wawili waliokuwa wamezisoma kanuni za chama chao.

Twafika sasa kwenye jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Siku hizi lasikika pendekezo katika vyama kadhaa vya walimu na vya utamaduni, kwamba uchaguzi wa kila mara ni usumbufu na gharama. Kwamba ni afadhali halmashauri ijaze nafasi zake yenyewe, na wanachama wabaki "wanachama wa ada" wenye kadi, jarida na mwaliko wa sherehe. Pendekezo hili huvikwa maneno mazuri: utulivu, uzoefu, mwendelezo. Sisi twalipinga waziwazi, na hatupingi kwa kubahatisha, kwa maana jambo hili limekwisha kujaribiwa mahali pengine na matokeo yake yanajulikana.

Shirika la redio liitwalo Pacifica lilianzishwa California mwaka 1946, na kituo chake cha kwanza, KPFA cha mji wa Berkeley, kilianza kutangaza mwaka 1949 kwa kutegemea michango ya wasikilizaji. Mwaka 1999 halmashauri yake kuu ilibadili kanuni, mabaraza ya vituo yakanyang'anywa uwezo wa kuweka wajumbe, na halmashauri ikawa yajichagua yenyewe. Mnamo Julai mwaka huohuo wafanyakazi wa KPFA walifungiwa nje ya kituo chao, na maelfu ya watu wakaandamana barabarani. Kesi zikafunguliwa. Ndipo lilipojitokeza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria wakati wa kutoa michango: hivi wasikilizaji ni wanachama? Kwa sheria ya California, mwanachama ni yule ambaye kanuni zimempa kura, ama ya kuchagua wakurugenzi, ama ya kuamua mambo makuu kama kuuza mali yote ya shirika au kulivunja. Mtu aliyechangia kwa miaka 30 bila kura hakuwa mwanachama machoni pa sheria. Alikuwa mfadhili mwema tu. Wasikilizaji walioshtaki ilibidi kwanza wapate idhini ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano mwezi Desemba 2001, na kanuni mpya za mwaka 2003 zikawapa wasikilizaji haki ya kupiga kura.

Basi walimu wa lugha na tulitafakari neno letu wenyewe. Mwananchi si mgeni wa nchi, wala hakai humo kwa hisani ya serikali. Mwanachama naye vivyo hivyo si mgeni wa chama. Lakini "mwanachama wa ada" asiye na kura ni jina lililopoteza maana yake. Amebaki mchangiaji, naye huambiwa asante badala ya kupewa hesabu. Pendekezo hilo likipita, haki zote nne tulizozitaja zaondoka pamoja nalo, kwani hapatakuwa na sehemu ya kumi ya kura kwa mtu asiye na kura hata moja. Na walio na uwezo wa kulizuia ni wale wale wanaoombwa walipitishe.

Tuzijibu hoja za upande wa pili, kwa kuwa hazikosi uzito.

Husemwa kwamba viongozi wanajitolea, na kuwahoji ni kuwavunja moyo. Twakiri kwamba kazi yao ni kubwa na shukrani zetu ni haki yao. Lakini mwenye kujitolea hujitolea kazi yake. Hakujitolea fedha za wenzake. Tena mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kunufaika na ukaguzi, maana hesabu zilizosomwa mbele ya watu humkinga na uvumi. Asiyekaguliwa hana ushahidi wa uaminifu wake.

Husemwa pia kwamba viongozi wetu ni wazee na walimu wetu, na adabu ya Kiswahili hairuhusu kuwasimamisha kama washtakiwa. Adabu ni kitu cha thamani nasi hatutaki kuitupa. Lakini hiyohiyo lugha ya adabu ina methali isemayo kuwa heshima si utumwa, na nyingine isemayo kuwa kuuliza si ujinga. Yawezekana kabisa kumwita mtu mzee wetu, kumwamkia shikamoo, na kumwomba aeleze fedha za kuchapishia jarida zilikwenda wapi. Hayo mawili yapingana tu pale ambapo jibu halipo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kwamba kura na maswali huzaa magomvi. Ni kweli. Pacifica yenyewe, baada ya kupata kanuni za mwaka 2003, haikutulia. Chaguzi zake zilikuwa na makundi yasiyoelewana, madeni yakawa makubwa, na mwaka 2019 pande mbili za shirika hilo zilifikishana mahakamani juu ya kituo chake cha New York. Hatuwezi kumwahidi msomaji kwamba chama chenye uwazi kitakuwa chama chenye amani. Tunachosema ni kwamba ugomvi unaoonekana waweza kuamuliwa kwa kura, na kanuni zilizochosha zaweza kurekebishwa na wale wale walioziandika. Mahali ambapo halmashauri yajichagua, ugomvi haukosekani. Wanachama huondoka mmoja mmoja kimyakimya, hadi siku inapogunduliwa kwamba chama kimebaki mhuri na sanduku la posta.

Wengine hutuliza kwa kusema kwamba serikali na wafadhili watakagua. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 huyataka kweli mashirika yatoe taarifa kila mwaka, na tangu mwaka 2024 kazi ya kuyasimamia imo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini serikali huuliza maswali yake na mfadhili huuliza ya kwake. Hakuna kati yao atakayeuliza kwa nini mashindano ya insha ya shule za wilayani yalifutwa, au kwa nini kamusi zilizonunuliwa kwa ajili ya wanafunzi hazikufika. Maswali hayo ni yetu. Na ole wa chama kinachongoja kuulizwa na watu wa nje: siku hiyo ikifika, chama chote huadhibiwa, mwenye kosa na asiye na kosa.

Limebaki jambo moja ambalo ni aibu yetu sisi hasa. Katiba ya nchi hii, kwa marekebisho ya mwaka 2005, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi huiadhimisha kwa ngonjera na hotuba. Walakini ukiulizia kanuni za vyama vingi vinavyokitetea Kiswahili, utaletewa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, tena nakala moja iliyomo kabatini kwa katibu. Katiba, katibu na kitabu ni maneno ya shina moja la kuandika. Maandishi yasiyosomeka na wenye chama yamsaidia nani, kama si yule anayeshika ufunguo wa kabati? Hatuwezi kuwalaumu wanachama kwa kutojua haki ambazo hawakusomewa katika lugha waliyokusanyika kuitukuza. Kazi ya kuzifasiri ni yetu. Hakuna kundi la watu nchini lililo tayari zaidi kuifanya.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wa jarida hili, kila mmoja katika chama chake, walete hoja tatu katika mkutano mkuu ujao. Ya kwanza, kanuni za chama zifasiriwe kwa Kiswahili na kila mwanachama apewe nakala yake, anayejiunga azipate siku anapolipa ada ya kwanza. Ya pili, iongezwe kanuni inayompa mwanachama haki ya kuvisoma vitabu vya fedha akiomba kwa maandishi, na hesabu zilizokaguliwa zigawiwe siku 21 kabla ya mkutano ili watu wafike wamekwisha kuzisoma. Ya tatu, pendekezo lolote la kuwaondolea wanachama kura likataliwe, hata likiletwa na viongozi tunaowapenda, maana viongozi hao watastaafu na kanuni itabaki kwa watakaowafuata.

Hoja hizo zaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Katibu apelekewe kwa mkono kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa na kanuni, naye atie saini katika nakala kwamba amezipokea. Nakala hiyo itunzwe.